Nilibatizwa kambini Lugufu na kambi haipo tena: cheti nikipate wapi?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Wazazi wangu ni watu wa Fizi, Kivu ya Kusini. Walivuka ziwa mwaka 1996 wakafikia Kigoma, nami nikazaliwa kambini Lugufu mwanzoni mwa 1998 na kubatizwa hapohapo nikiwa mchanga. Lugufu ilipofungwa mwaka 2009 tulihamishiwa Nyarugusu, na huko nikapata komunyo ya kwanza na kipaimara. Tangu 2016 tunaishi Ohio, Marekani. Sasa nataka kufunga ndoa. Paroko wa hapa anadai cheti cha ubatizo, na nilipomweleza kwamba kambi haipo tena, alinishauri nianze mafundisho upya nibatizwe. Upande wa mchumba wangu nao wanasema kambini walibatiza makatekista tu, kwa hiyo ule haukuwa ubatizo. Jambo la pili ni la mama. Mwaka huohuo wa 1998 baba alivuka kurudi mji wa Baraka, kulekule Fizi, kumchukua bibi, na hajaonekana hadi leo. Mama amepata mtu anayetaka kumwoa kanisani. Kanisa la kambini lilikuwa chini ya nani, na sisi tuanzie wapi?

JIBU: Milele Amina, binti yangu. Nianze na lile ambalo haliwezi kusubiri: usikubali kubatizwa tena. Ubatizo haurudiwi, na kanuni 845 ya Sheria za Kanisa za 1983 inalisema hilo bila kupindapinda. Kuna kubatiza kwa sharti, yaani kwa kutamka "kama hujabatizwa", ndiyo, lakini kanuni 869 inaruhusu hivyo pale tu ambapo uchunguzi wa dhati umefanyika na shaka ikabaki. Kwako uchunguzi wenyewe haujaanza. Paroko wako namwelewa. Ana fomu mbele yake yenye nafasi ya kujaza parokia ya ubatizo, na wewe unamtajia mahali ambapo hata kwenye ramani hapaoni. Lakini njia fupi aliyokuonyesha si njia ya Kanisa, na unaweza kumwambia hivyo kwa adabu ukimtajia kanuni hizo mbili.

Sasa swali lako la nani alikuwa na mamlaka, maana jibu lake ndilo litakaloonyesha vitabu viliko. Wengi waliokulia kambini wanadhani kanisa lile lilikuwa mali ya UNHCR, shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, au la shirika fulani la wazungu lililokuja na kuondoka. Sivyo. Katika Kanisa Katoliki mamlaka ya kichungaji hufuata eneo. Mtu akivuka mpaka, siku hiyohiyo askofu wa mahali alipofikia anawajibika kwake, awe na kitambulisho au asiwe nacho. Lugufu ilikuwa ndani ya Jimbo Katoliki la Kigoma, na wakati unabatizwa askofu wake alikuwa Paul Ruzoka, aliyeliongoza kuanzia 1989 hadi alipohamishiwa Tabora kuwa askofu mkuu mwaka 2006. Kanuni 568 inawataja wakimbizi moja kwa moja miongoni mwa watu wanaostahili kupewa padre wa kuwahudumia, kwa sababu hali yao ya maisha haiwafikishi kwa paroko wa kawaida. Kwa hiyo uliandikwa, au ulipaswa kuandikwa, katika vitabu vya Jimbo la Kigoma kama mtoto yeyote wa Kasulu au Ujiji.

Mashirika ni habari nyingine, na hapa watu hupotea sana. Shirika la Kijesuiti la Kuhudumia Wakimbizi, JRS, lilianzishwa na Padre Pedro Arrupe tarehe 14 Novemba 1980, baada ya kuguswa na Wavietnamu waliokuwa wakikimbia kwa mashua. Kazi yake ni kuandamana na wakimbizi, kuwahudumia na kuwatetea, na kwa upande wetu wa magharibi mwa Tanzania lilifanya mengi. Radio Kwizera ya Ngara, iliyoanza mwaka 1995 baada ya wimbi kubwa la Wanyarwanda na Warundi, ilikuwa ya kwao. Caritas nayo ni mkono wa misaada wa Kanisa, na Caritas Internationalis ni mmoja wa walioidhinisha ule mwongozo wa mwaka 1994 wa Msalaba Mwekundu na mashirika ya misaada, unaokataza kutumia chakula au blanketi kumvuta mtu kwenye dini. Ndiyo maana aliyekupimia unga hakukuuliza kama unasali, na aliyekufundisha katekisimu hakuwa na unga wa kukupa. Ilikuwa makusudi, na ninaona ilikuwa sahihi kabisa, ingawa mapadre wengi vijana walilalamika kwamba inawafanya waonekane hawana faida. Kwa shida yako maana yake ni hii: usiwaandikie UNHCR kule Geneva, wala makao makuu ya JRS kule Roma. Watu wanapoteza miezi kwa barua hizo. Hao hawakuwahi kuwa na vitabu vya ubatizo.

Vitabu vilikuwa na parokia, na kati ya parokia na ninyi alisimama katekista. Hapo ndipo penye uzito, kwa hiyo nivumilie kidogo.

Kambi za Tanzania zina sheria kali. Mkimbizi hatoki bila kibali, na mtu wa nje haingii bila kibali cha Wizara ya Mambo ya Ndani, wala kwa kawaida haruhusiwi kulala ndani. Padre ni mtu wa nje kama wengine. Kwa hiyo alikuja asubuhi kwa gari au pikipiki, akaungamisha, akasoma Misa, akabatiza, akasikiliza ugomvi wa ndoa mbili tatu, na kabla jua halijazama alikuwa barabarani. Uganda wana utaratibu tofauti. Kule Palabek, wilaya ya Lamwo, kwenye makazi ya Wasudani Kusini yaliyofunguliwa mwaka 2017, Wasalesiani wa Don Bosco wanaishi humohumo pamoja na wakimbizi. Kwetu haikuwa hivyo, na siku zilizobaki za juma Kanisa lilikuwa mikononi mwa watu waliolala ndani ya ua uleule.

Watu hao walitoka Fizi, Baraka na Uvira wakiwa makatekista tayari. Na wao si wageni wa kusali bila padre. Tarehe 28 Novemba 1964, wakati wa uasi wa wapiganaji wa Kongo walioitwa Simba, waliuawa Baraka na Fizi wamisionari watatu wa Shirika la Mtakatifu Fransisko Saveri, yaani Luigi Carrara, Giovanni Didonè na Vittorio Faccin, pamoja na padre Mkongomani, Albert Joubert. Wote wanne walitangazwa wenyeheri mjini Uvira tarehe 18 Agosti 2024. Babu na bibi zako walikuwa hai siku ile. Na wiki zilezile ambazo wazazi wako walikuwa wakitafuta boti ya kuvukia, tarehe 29 Oktoba 1996, Askofu Mkuu Christophe Munzihirwa aliuawa Bukavu, mtu aliyekuwa amepaza sauti kuwatetea wakimbizi Wanyarwanda wakati wengi walinyamaza. Watu waliofika Kigoma na historia ya namna hiyo hawakusubiri mmisionari awaambie waanze jumuiya, au shirika kama mnavyosema upande wa Kivu. Walikaa chini, wakajihesabu kijiji kwa kijiji ndani ya kambi, wakachagua viongozi, wakafyatua tofali za udongo, wakaezeka kwa turubai za UNHCR. Sadaka ilikuwa kikombe cha unga au cha maharage kutoka kwenye posho ileile isiyotosha. Picha za miaka ile utazikuta zimejaa padre mzungu amebeba mtoto. Aliyeshika Kanisa Jumatatu hadi Jumamosi hayupo pichani.

Daftari lake ndilo ninalotaka ulifikirie. Katekista wa kambini alikuwa na daftari la shule lenye mistari, na kila ukurasa una safu alizochora kwa rula: jina la mtoto, baba, mama, msimamizi, kijiji na plot, tarehe. Padre alipofika, majina yalihamishwa kutoka hapo kwenda kitabu kikubwa cha wabatizwa, kile ambacho namba yake mnaiona kwenye vyeti imeandikwa LB. Pale orodha ilipokuwa ndefu na padre ana haraka ya kutoka kabla ya saa kumi na mbili, mengine yalibaki kwenye daftari hadi safari iliyofuata. Kwa hiyo kitabu cha parokia kinaweza kuonyesha tarehe tofauti kidogo na ile anayoikumbuka mama yako. Usishtuke ukikuta hivyo.

Na hao wakwe watarajiwa wanaosema walibatiza makatekista tu? Wajibu taratibu, maana mtaishi nao. Kanuni 861 inasema wahudumu wa kawaida wa ubatizo ni askofu, padre na shemasi. Lakini wasipokuwepo au wakizuiwa, katekista aliyepewa kazi hiyo na askofu anabatiza kihalali, na katika dharura mtu yeyote mwenye nia iliyo sawa anaweza. Kambini dharura haikuwa nadra. Kichanga kinaharisha au kina malaria usiku, padre yuko nje ya kambi, barabara ni tope; katekista anaitwa, anaomba maji kwenye kikombe, anamwagia mtoto kichwani huku akitamka: nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu. Basi. Huo ni ubatizo kamili, sawa na wa Basilika la Mtakatifu Petro kule Roma. Mtoto akipona, padre alimalizia yaliyobaki, mafuta ya krisma, nguo nyeupe na mshumaa, lakini maji hakuyarudia. Muulize mama kama kwako ilikuwa hivyo, maana jibu lake litakusaidia pia kwenye barua.

Sasa barua. Wengi wakiwa katika hali yako huanza kuutafuta ubatizo. Wewe anza na kipaimara. Umeniambia ulikipata Nyarugusu, na kambi hiyo iliyofunguliwa mwaka 1996 ipo hadi leo, na huduma ya kichungaji inaendelea. Hakuna anayepakwa mafuta ya kipaimara kabla hajathibitishwa kuwa amebatizwa, kwa hiyo yupo mtu ambaye siku zile aliuona ushahidi wako na kuukubali. Kanuni 895 inataka waliopata kipaimara waandikwe kitabuni pamoja na wazazi na wasimamizi wao, na kwa kawaida safu ya pembeni huonyesha mahali pa ubatizo na namba yake. Ukiupata mstari huo, nusu ya kazi imekwisha, na wakati mwingine yote.

Mwandikie paroko anayehudumia Nyarugusu, nakala kwa ofisi ya kansela, mtunza kumbukumbu, wa Jimbo la Kigoma. Taja jina lako kama lilivyoitwa wakati ule, si kama lilivyo kwenye pasi. Hapa ndipo maombi mengi hukwama. Karani Mtanzania aliandika alichosikia: Wilondja akawa Wilonja, Etienne akawa Stefano. UNHCR nao walikuwa na tahajia yao, na Marekani ikaongeza ya kwake kwa kugeuza jina la babu kuwa la ukoo. Andika zote unazozikumbuka. Tarehe ya kuzaliwa nayo ina matatizo yake, kwani wakimbizi wengi waliokosa tarehe waliandikiwa 1 Januari, kwa hiyo kama hiyo ndiyo iliyo kwenye karatasi zako, sema wazi na uongeze majira: kabla ya masika, wakati wa Kwaresima, mama anakumbuka nini. Taja kama mlikaa Lugufu ya kwanza au ya pili, kijiji namba ngapi, jina la katekista, majina ya wasimamizi wa ubatizo na wa kipaimara, mwaka wa kipaimara na askofu aliyekupaka mafuta. Omba cheti kipya kilichoandikwa sasa hivi, hata kama mama akiibuka kesho na kadi ya zamani kutoka kwenye sanduku. Paroko wako hataki tu kujua kwamba ulibatizwa. Pembeni mwa jina lako kitabuni huandikwa kipaimara, ndoa, upadre au nadhiri, na anataka kuona kwamba safu ya ndoa iko tupu. Ndiyo maana parokia nyingi hukataa cheti kilichozidi miezi sita.

Siwezi kukuficha kwamba vitabu vya kambi zilizofungwa havikutunzwa vyote sawasawa. Kambi inapofungwa, malori yanabeba watu, masufuria na mabati, na hakuna anayepewa lori la makabrasha. Vingine vilifika parokiani salama na vinasomeka, vingine viliingiwa na mchwa. Hili majimbo yetu yangeweza kulifanya vizuri zaidi. Kupiga picha kurasa zote za kambi moja kwa simu ni kazi ya siku chache, na bado hakuna anayetumwa kuifanya.

Lakini hata kitabu kikikosekana, sheria haikuachi. Kanuni 876 inasema ubatizo unathibitishwa na ushuhuda wa mtu mmoja asiyetiliwa shaka, ilimradi haumdhuru mtu mwingine. Mmoja tu. Aliyebatizwa akiwa mtu mzima anaweza hata kujiapia mwenyewe, ila wewe ulikuwa mchanga, kwa hiyo hilo halikuhusu. Mama yako alikuwepo. Msimamizi wako alikuwepo, na watu wa Lugufu hawakupotea: wapo Nyarugusu, wapo waliorudi Fizi, wapo waliopelekwa Marekani, Kanada na Australia, na karibu kila kijiji cha kambi kina kundi lake la WhatsApp. Uliza humo, utashangaa. Yule katekista akiwa hai, msikilize yeye kwanza. Shahidi anakwenda kwa paroko aliye karibu naye, anaapa, anaeleza alichokiona, yaani nani alibatiza, wapi, kwa maji na maneno gani, kisha paroko anaandika, anasaini na kugonga muhuri. Karatasi hiyo inaingia kwenye faili la ndoa yako mahali pa cheti. Utahitaji pia watu wawili wanaokufahamu tangu ukiwa msichana waseme kwamba hujawahi kuolewa, na mama anaweza kuwa mmojawapo.

La mama ni zito zaidi, na naomba asilichukulie kwamba Kanisa linamwonea. Miaka pekee haiui ndoa. Kanuni 1707 inasema wazi kwamba kutoonekana kwa mume, hata kuwe kwa muda mrefu, hakutoshi kumhesabu kuwa amekufa. Askofu wa jimbo anakoishi mama anaweza kutamka kwamba kifo kinadhaniwa, akishapata uhakika wa kimaadili, yaani usioacha shaka ya maana, kutokana na mashahidi, habari zinazosemwa na watu na dalili nyingine. Kwa hiyo kazi ni kukusanya. Baba alivuka mwezi gani? Mwaka 1998 vita vya pili vya Kongo vilianza mwanzoni mwa Agosti, na mtu aliyevuka kwenda Baraka Septemba alikwenda mahali tofauti kabisa na aliyevuka Machi. Alipanda boti na nani? Bibi alimwona? Kuna aliyesikia boti imezama, au watu wamekamatwa njiani? Msalaba Mwekundu wana huduma ya kutafuta ndugu waliopotezana vitani. Mama afungue ombi huko hata kama hana matumaini, kwa sababu jibu la maandishi kwamba ametafutwa na hakupatikana lina uzito mbele ya mahakama ya Kanisa. Askofu hafanyi haraka kwa sababu moja tu: baba akitokea akiwa hai, ndoa ya pili inakuwa si ndoa, hata kama kila mtu alitenda kwa nia njema.

Kabla ya yote hayo, lakini, lipo swali ambalo mahakama italiuliza: wazazi wako walifunga ndoa ya Kanisa? Wakikuta hapana, na wote wawili ni Wakatoliki, watu hukimbilia kusema basi hapakuwa na kifungo na mama yuko huru. Mara nyingi ni kweli. Ila kanuni 1116 ina mlango ambao hata mapadre wengi huusahau: pale ambapo padre hapatikani bila taabu kubwa, na inaonekana hali hiyo itaendelea kwa mwezi mzima, wawili wanaweza kufunga ndoa halali mbele ya mashahidi wawili tu. Kama wazazi wako walipeana ridhaa Fizi wakati mapadre wamekimbia, mbele ya katekista na wazee, kwa nia ya kuwa mume na mke kadiri ya Kanisa, huenda ile ni ndoa kamili. Kwa hiyo mama asiseme kwa wepesi kwamba waliishi tu. Akae na mtu anayemwamini, asimulie siku ile ilivyokuwa, nani alikuwepo na maneno gani yalitamkwa, na ayaandike kwa Kiswahili au Kibembe, vyovyote anavyokumbuka vizuri. Tafsiri itafanywa baadaye.

Faili lako na la mama yasichanganywe. La kwako linaweza kukamilika katika miezi michache likisukumwa, la mama litachukua muda, na si lazima harusi yako ingoje la kwake. Ukikosa majibu kutoka Kigoma kwa miezi miwili, mwombe paroko wako wa Ohio aandike mwenyewe kupitia kansela wa jimbo lake kwenda kwa kansela wa Kigoma. Barua ya kansela kwa kansela hujibiwa upesi zaidi kuliko ya muumini, jambo lisilonifurahisha lakini ndivyo ilivyo.